Imekompaili, Lakini Bado: Maktaba ya C Kutoka Python 3.8 Hadi 3.12

Faili ilikuwepo. Tuliiona kwenye folda, jina lake _linganisha.cpython-38-x86_64-linux-gnu.so, na ruhusa zote za kusomwa inazo. Lakini kila tulipoiambia Python 3.12 iipakie, jibu lilikuwa hakuna moduli yenye jina hilo. Kijana ninayefanya naye kazi alidhani tumekosea njia ya folda, akahangaika nayo asubuhi nzima. Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye jina la faili lenyewe. Tangu Python 3.2, moduli iliyokompailiwa kutoka C hubeba kwenye jina lake alama ya toleo lililoijenga. Python 3.12 hutafuta yenye cpython-312, au yenye abi3, au inayoishia .so bila alama yoyote. Yenye cpython-38 haihesabu kuwa yake.

Hapo wengi huingiwa na tamaa ya kufuta alama hiyo ili jina libaki .so tupu. Ukifanya hivyo, 3.12 itajaribu kweli kuipakia, na unakuwa umeondoa kinga pekee iliyokuwa inakulinda. Ndani ya faili ile, kompaila ilishapima kila kitu kwa vipimo vya 3.8: sehemu hii ya kitu ipo baiti kadhaa kutoka mwanzo, ile inafuata. Vipimo hivyo vimebadilika. Kazi inayotakiwa ni kuikompaili upya kutoka kwenye msimbo wake, na ndiyo nitakayoieleza hapa.

Maktaba yenyewe si kubwa. Inalinganisha majina ya wateja. Aliyewahi kushika daftari la majina hapa kwetu anaijua adha yake: mtu yuleyule ni Mohamed kwenye fomu moja, Muhamed kwenye nyingine, Mohammed kwenye ya tatu, Yusuf wa huku ni Yusufu kule. Maktaba inahesabu ni herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au ziondolewe ili jina moja liwe jingine, kisha inatoa alama kati ya 0 na 100. Iliandikwa mwaka 2018. Hesabu ya umbali ipo kwenye faili ya C iliyoandikwa kwa mkono, kwa ajili ya kasi. Utoaji wa alama umeandikwa kwa Cython, lugha inayofanana na Python lakini inayogeuzwa kuwa C kabla ya kukompailiwa.

Python 3.8 iliacha kupata marekebisho ya usalama Oktoba 2024, kwa hiyo kuhama hakukuwa jambo la hiari. Tulichagua 3.12, iliyotoka Oktoba 2023. Toleo jipya hutoka kila Oktoba, hivyo kati ya 3.8 na 3.12 kuna miaka minne ya mambo yaliyobadilishwa na kuondolewa. Kazi tuliifanyia ndani ya kontena ya Debian 12, ambayo kompaila yake ni GCC 12. Msomaji aikumbuke namba hiyo.

Tulipoamuru python setup.py build_ext, ilikatika kwenye mstari wa kwanza kabisa: hakuna distutils. Hii ndiyo ilikuwa zana ya kujengea moduli iliyokuja na Python yenyewe. Ilitangazwa kustaafu kwenye 3.10, na 3.12 ikaiondoa. Dawa yake ni nyepesi, setup na Extension zichukuliwe kutoka setuptools. Kilichotuyumbisha ni kwamba mwenzetu mmoja, aliyetumia pip install kwenye kompyuta yake, hakuliona kosa hilo hata kidogo. Msimbo ni uleule, Python ni ileile. Sababu yake ni kwamba pip hutengeneza mazingira ya muda ya kujengea na kuweka setuptools humo, nayo setuptools ina nakala yake ya distutils inayoitika kwa jina lilelile. Sisi tulioendesha setup.py moja kwa moja hatukuwa na setuptools, kwa kuwa kuanzia 3.12 haiwekwi tena kwenye mazingira mapya ya venv. Tukaandika pyproject.toml fupi inayotaja setuptools na Cython kuwa mahitaji ya kujenga. Kuanzia hapo sote tukawa tunaona makosa ya aina moja, na mazungumzo yakawezekana.

Kosa lililofuata lilisema faili ya heda longintrepr.h haipatikani. Ukilitafuta kosa hili utakutana na ushauri wa kunakili faili hiyo kutoka kwenye folda ya Python ya zamani. Nakusihi usiufuate. Heda ile haikupotea, kwenye 3.11 ilihamishiwa ndani zaidi, na sasa Python.h inaileta yenyewe. Swali la kujiuliza ni nani aliyeiita kwa jina lake la zamani. Tulifungua faili ya C iliyolalamikiwa, na mstari wake wa kwanza ukatoa jibu: imezalishwa na Cython 0.29.

Maana yake ni kwamba faili ile haikuandikwa na mtu. Mwaka 2018, kama ilivyokuwa desturi ya wengi wakati huo, C iliyozalishwa na Cython iliwekwa kwenye hazina pamoja na msimbo wa Cython wenyewe, na setup.py ikaelekezwa kwenye ile C ili asiye na Cython naye aweze kujenga. Ilisaidia kwa miaka. Lakini C ile imejaa mambo ya ndani ya Python ya 2018. Kwa kutaka kuona kilicho nyuma ya kosa, tulifuta mstari unaoita longintrepr.h, na makosa mengine yakatoka kwa mkururo: kitu cha namba hakina ob_digit, kwa sababu kwenye 3.12 tarakimu zimehamia ndani ya muundo mwingine. Hali ya uzi haina curexc_type, kwa sababu namna ya kutunza hitilafu imebadilishwa. Anayeanza kuyarekebisha haya kwa mkono anarekebisha kazi ya mashine, na mashine ikiendeshwa tena kazi yake yote inafutika. Tuliiondoa C ile kwenye hazina, tukaielekeza setup.py kwenye msimbo wa Cython, tukaweka Cython 3.0. Makosa yote ya upande huo yakakoma kwa mara moja. Yalikoma kwa namna iliyotuletea tatizo jingine baadaye, nitalifikia.

Ikabaki faili ya C ya mkono. Hapo GCC ilikataa mstari mmoja tu, uliokuwa unaiwekea aina yetu aina yake yenyewe kwa kuandika Py_TYPE(&AinaFaharasa) = &PyType_Type. Hadi 3.10 Py_TYPE ilikuwa makro, na makro ya namna ile unaweza kuiweka upande wa kushoto wa alama ya sawasawa. Kwenye 3.11 ikawa funksheni, na jibu la funksheni haliwezi kupewa thamani. Badala yake ipo Py_SET_TYPE, iliyokuwepo tangu 3.9. Mstari ukabadilishwa.

Kijana akaendesha tena, akageuka kwangu.

"Kaka, imekubali!"

"Umeipakia?"

Alikuwa hajaipakia. Alipojaribu, Python ilijibu kuwa kuna jina lisilojulikana ndani ya moduli: PyUnicode_AS_UNICODE. Nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi hupoteza siku nzima. Inawezekanaje kompaila ikubali kitu ambacho hakipo?

Inawezekana kwa sababu ya ruhusa mbili zinazokutana. Ya kwanza ni ya C ya zamani: ukiita funksheni isiyotangazwa popote, kompaila inadhania ipo mahali fulani na kwamba inarudisha namba nzima. GCC 12 hutoa onyo tu, kisha inaendelea. Ya pili ni ya faili za .so zenyewe: zinaruhusiwa kuunganishwa huku baadhi ya majina hayajapatikana, kwa matumaini kwamba yatapatikana wakati wa kupakiwa. Makro yetu ilikuwa imeondolewa kwenye 3.12. Kompaila ikaidhania kuwa funksheni, kiunganishi kikaiacha iende, na kosa likajitokeza mlangoni mwa Python. Onyo lilikuwepo muda wote, mistari mingi juu ya lile neno la mwisho lililomfurahisha kijana wangu. Amri ya nm -D ikatuonyesha jina hilo likiwa na herufi U mbele yake, yaani halina mwenyewe ndani ya faili ile. Tukaongeza kwenye maelekezo ya kujenga kwamba onyo la aina hiyo lihesabiwe kuwa kosa, kwa -Werror=implicit-function-declaration. Kuanzia GCC 14, iliyotoka 2024, hilo ni kosa bila hata kuamuru, kwa hiyo mwenye kompaila mpya atakwama mapema, na kukwama mapema ni nafuu kwake.

Sasa PyUnicode_AS_UNICODE yenyewe. Ilikuwa inatupa pointa ya herufi za jina, kila herufi ikiwa na upana uleule, baiti 4 kwenye Linux. Lakini tangu Python 3.3 maneno hayatunzwi hivyo. Python huangalia herufi yenye namba kubwa kuliko zote ndani ya neno, kisha huchagua upana unaotosha: baiti 1 kwa kila herufi kama neno ni la Kilatini cha kawaida, baiti 2 kama lina herufi za Kiarabu, baiti 4 kama lina vikaragosi vya simu. Kwa hiyo makro ya zamani, ilipoitwa mara ya kwanza kwa neno fulani, ilikuwa inatengeneza nakala ya pembeni ya neno zima kwa upana wa kale, na kila neno ndani ya Python lilikuwa limetengewa nafasi ya pointa kwa ajili ya nakala hiyo, itumike isitumike. Toleo la 3.12 liliifuta nafasi hiyo. Neno tupu, lisilo na herufi hata moja, lilikuwa na uzito wa baiti 49 kwenye 3.8 ya biti 64, kwenye 3.12 lina 41. Kwa programu inayobeba daftari zima la majina kwenye kumbukumbu, hiyo si tofauti ya kupuuzwa, na ndiyo maana siwezi kuungana na wanaolalamika kwamba Python inavunja vitu bila sababu.

Njia ya mkato ya kurekebisha ni kuweka PyUnicode_DATA mahali pa makro ya zamani na kuilazimisha aina ya pointa ifanane. Inakompaili bila onyo. Inapakiwa. Na ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza. Chukua jina Juma. Kwenye kumbukumbu lina baiti nne: 4A, 75, 6D, 61. Msimbo unaodhani kila herufi ina baiti 4 utazisoma zote nne kwa mkupuo mmoja, na badala ya J utapata herufi moja yenye namba 616D754A, ambayo haipo katika maandishi ya lugha yoyote. Kisha, kwa kuwa umeambiwa jina lina herufi nne, utaendelea kusoma nyingine tatu zilizo nje ya jina, kwenye kumbukumbu isiyokuhusu. Programu inaweza isianguke. Inaweza kukupa umbali, tena namba inayoonekana ya kawaida, na ukaiamini.

Njia sahihi ziko mbili. PyUnicode_AsUCS4Copy inakupa nakala yenye baiti 4 kwa kila herufi, na msimbo wa zamani unabaki karibu kama ulivyo. Ila nakala ni mali yako, lazima uiachilie kwa PyMem_Free, wakati pointa ya zamani ilikuwa ya kuazima. Ukisahau, kumbukumbu inavuja jina kwa jina. Nyingine ni kuuliza PyUnicode_KIND upana wa neno, kuchukua PyUnicode_DATA, na kusoma kila herufi kwa PyUnicode_READ, ambayo inajua kuruka baiti 1, 2 au 4. Tulichagua hii ya pili. Kazi yetu ni kulinganisha kila jina na maelfu ya mengine, na kunakili jina kila mara ni gharama isiyo na faida. Mwenye maktaba isiyohitaji kasi ya namna hiyo achukue ya kwanza. Ina faida nyingine pia: inaruhusiwa ndani ya mfumo wa abi3, ambao humwezesha mtu kukompaili mara moja na kutumia faili ileile kwa matoleo yajayo.

Moduli ikapakiwa. Tukaita funksheni ya kwanza, ikafanya kazi. Tukaita ya pili, inayopokea baiti ghafi, Python ikakataa ikisema makro PY_SSIZE_T_CLEAN lazima itangazwe kwa miundo yenye alama ya #. Ujumbe huu ni wa kweli lakini haujitoshelezi, na kwa maoni yangu ndio wa hatari kuliko yote niliyotaja, kwa sababu unakupa dawa nusu.

Muundo wa "s#" unaiomba Python ikupe maandishi pamoja na urefu wake. Zamani urefu huo uliandikwa kwenye int, yenye baiti 4. Ukitangaza makro hiyo kabla ya kuita Python.h, urefu unaandikwa kwenye Py_ssize_t, yenye baiti 8 kwenye mashine za biti 64. Python 3.8 ilivumilia wasioitangaza kwa kutoa onyo ambalo kwa kawaida halionekani, 3.10 ikaacha kuvumilia. Sasa mtu anasoma ujumbe, anaongeza ule mstari mmoja, na kosa linatoweka. Lakini kama ameacha int urefu kama ilivyokuwa, Python inaandika baiti 8 mahali palipotengewa 4. Zile nne za ziada zinamwagikia kigezo cha jirani. GCC haiwezi kukuonya, kwa sababu PyArg_ParseTuple hupokea anwani za aina yoyote bila kukagua. Mwenzetu alifanya hivyohivyo kwenye tawi lake, na majaribio yake yote yakapita, kwa sababu kwenye mashine yake jirani wa kigezo kile alikuwa nafasi tupu.

Hakuna zana tuliyoitegemea hapo isipokuwa grep na macho. Tulitafuta kila mahali penye # ndani ya PyArg_ParseTuple na Py_BuildValue, tukahakikisha kila urefu unaohusika umetangazwa kuwa Py_ssize_t. Palikuwa mahali saba. Ni kazi ya chini ya saa moja ukiwa unajua unachokitafuta. Ukiwa hujui, utakuja kuambiwa na mteja miezi sita baadaye kwamba programu inaanguka siku za mwisho wa mwezi, na hutakumbuka hata kama uliwahi kuongeza mstari ule.

Kisha tukaendesha majaribio ya zamani, yaliyoandikwa pamoja na maktaba mwaka 2018. Namshukuru kwa dhati aliyeyaandika. Moja likashindwa: Mohamed na Muhamed walikuwa hawapendekezwi kuwa mtu mmoja, sasa wanapendekezwa.

Majina yote mawili yana herufi saba, na tofauti ni moja. Alama ni 100 mara 6, gawanya kwa 7. Kwenye Cython ya zamani, namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima ilitoa namba nzima, kama ilivyokuwa kwenye Python 2: jibu 85. Kwenye Cython 3.0 kawaida imekuwa ile ya Python 3, na jibu ni 85.71. Sharti letu lilisema alama iwe kubwa kuliko 85. Ya zamani haipiti, mpya inapita. Hakuna kosa la kompaila, hakuna onyo, hakuna kuanguka. Ni daftari la wateja tu linaloanza kuunganisha watu ambao jana lilikuwa haliwaunganishi. Cython 0.29 ilikuwa inatoa onyo kwamba kiwango cha lugha hakijatajwa na kwamba kawaida yake itabadilika. Onyo hilo lilitolewa C ile ilipozalishwa, na kwa kuwa tulikuwa tunajenga kutoka kwenye C hiyo, halikujirudia.

Palikuwa na mjadala. Kijana alisema matokeo mapya ni bora, kwa kuwa Mohamed na Muhamed mara nyingi ni mtu mmoja kweli. Huenda. Lakini uamuzi wa nani aunganishwe na nani ni wa wenye daftari, wanaowajua wateja, nao waufanye wakiwa wanajua wanaufanya. Haupaswi kuingia kwa mlango wa nyuma wa kubadilisha toleo. Tuliweka // mahali pa /, alama ambayo maana yake ni ileile kwenye viwango vyote viwili, tukaandika kiwango cha lugha waziwazi juu ya faili, na pendekezo la kubadili sharti tukalipeleka kando, kwa barua yake.

Kabla ya kufunga tulisoma pia maonyo yaliyobaki. Palikuwa na PyEval_CallObject moja, inayofanya kazi kwenye 3.12 lakini imeondolewa kwenye 3.13, tukaweka PyObject_CallObject. Majaribio sasa yanaendeshwa kwa -X dev, inayoyatoa nje maonyo yaliyokuwa yanafichwa. Mohamed akilinganishwa na Muhamed kwenye Python 3.12 anapata 85, kama alivyopata kwenye 3.8.